Laptopu ya Twalibu haina jini

Asmahani shoga, mume wangu kaniaibisha leo!

Unajua laptopu yake inavyogonga tak, tak, tak? Mwezi mzima Twalibu anasema ina jini. Nikaifukiza ubani, shoga. UBANI!

Leo tumeipeleka kwa fundi pale Ng'ambo, maana picha zote za harusi yetu zimo humo. Fundi kaitegea sikio, akaiwasha akapekua mipangilio yake, akauliza, "Nani kaiwekea diski ijizime kila baada ya sekunde chache?"

Twalibu kifua mbele: "Mimi. Nabana chaji."

"Basi jini ni wewe, mzee. Kila diski ikilala na kuamka inagonga tak, na inachakaa. Hesabu yake hii hapa: umeshaiamsha mara laki tatu!"

Laki tatu, Asmahani!

Picha zimeokolewa, alhamdulillahi.

Sasa bwana kajilaza sebuleni. Namwamsha akachote maji, ananijibu, "Usiniamsheamshe, Swaumu, nitachakaa."