Upande Aliouokota Akelo

Mkolani,
Mwanza.
17 Juni 2024

Mpendwa shemeji Gidion,

Shikamoo. Habari za Tunduma, na baridi ya huko? Mkeo Selina anaendeleaje na ule mguu? Sisi ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Lakini nyumba haina amani, na wewe ndiye kaka mkubwa wa Ojuok, ndiyo maana nakuandikia. Kwa simu angenisikia. Nyumba yetu unaijua, ukinong'ona chumbani anakujibu mtu wa sebuleni.

Ulisikia kwamba mwezi wa pili watu wa doria walilichoma kokoro la mdogo wako pale mwaloni kwenye mitumbwi. Ni kweli ni wavu uliokatazwa, linazoa mpaka vifaranga vya sangara. Lakini ndilo lililokuwa likitulisha tangu nyavu zake halali zilipoibiwa. Alisimama akalitazama likiungua mpaka mwisho. Tangu siku hiyo amepungua maneno, na inaniuma kumwona hivyo.

Sasa, shuleni kwa Akelo kuna mwalimu wa uraia, mwalimu Shimba. Huyo bwana hata umpe soda mbili hakwambii anaegemea wapi. Siku ya wazazi aliandaa mdahalo: kuchoma nyavu haramu ni haki au si haki? Ili asionekane anapendelea, wanafunzi waliokota vikaratasi. Akelo akaokota upande wa wanaosema ni haki. Baba yake yuko mstari wa mbele, kavaa shati la kanisani.

Shemeji, mtoto alisema! Alieleza samaki wachanga wanavyoangamia, na ziwa litakavyobaki maji matupu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyanyua mikono nikairudisha mapajani. Ojuok alitoka nje kabla binti yake hajamaliza.

Tangu hapo hamsemeshi, na shule amemkataza. Yuko kidato cha nne, mtihani ni Novemba.

Mwalimu alikuja nyumbani kumwombea arudi. Mdogo wako akamuuliza, "Kwa nini umpe mwanangu maneno ya waliochoma kokoro langu?"

"Sikumpa mimi, mzee wangu. Aliokota. Ningemchagulia upande, ningekuwa nimeegemea."

"Sasa nitajuaje kama alisema ya moyoni au ya kikaratasi?"

"Hilo simuulizi mwanafunzi yeyote."

Mwalimu aliondoka ameacha chai yake. Nilimkasirikia, maana alijua fika yule ni mtoto wa nani. Halafu nikamhurumia. Viongozi wa mtaa nao wamemlaumu, wanasema upande wa pili uliitukana serikali, na mkuu wa shule amepiga marufuku midahalo. Hakuegemea popote, na sasa kila upande unamsema.

Jana tukiosha vyombo nilimuuliza Akelo mwenyewe maneno yale aliyatoa wapi. Alilia kwanza.

"Mama, yale ni ya baba. Nilipokuwa mdogo, tukienda mwaloni, alikuwa anawarudisha wale samaki wadogo majini. Ananiambia, hawa ni wa kwako, utawakuta ukikua."

Shemeji, nadhani Ojuok aliyatambua. Ndiyo maana hawezi kumtazama usoni. Mimi sithubutu kumwambia. Wewe anakusikiliza, mpigie simu. Usimgombeze kuhusu kokoro, lilishaungua. Muulize tu kama anakumbuka wale samaki, kisha mwombe amruhusu mtoto arudi shuleni.

Nisalimie Selina, mwanenu Nathaniel na mama mkwe wake. Mwambie Selina ule mguu aukande kwa maji ya moto, asione uvivu. Akelo anakuamkia. Jioni humwekea baba yake chakula, na baba hula chote.

Mungu awafunike kwa mkono wake huko mliko, na atukumbuke na sisi huku ziwani.

Ni mimi shemeji yako niwapendaye,
Janet, mama Akelo