Mguu wa Kushoto wa Kyule

Jumatano, 2 Julai

Baridi ya leo ni ya matusi. Ukungu umeshuka kutoka kilima cha Nzaui mpaka mlangoni kwangu, umekaa hapo kama mgeni asiyetaka kuenda kwao. Mguu wa kushoto uliamka kabla yangu. Huwa unaamka kabla yangu kuanzia Juni mpaka Agosti, na ukiamka hauniachi nilale.

Nimeendesha piki asubuhi na silipa, soksi mbili, na juu yake karatasi ya mkate. Steji nzima ya bodaboda ya Matiliku ikaanguka kicheko. Mutie, dereva mwenzangu, ndiye wa kwanza, si unamjua huyo, mdomo kama spika ya kanisa. Ati Kyule amejifunga kama supageti! Nikamwambia hata nikivaa gunia bado nitampita mlimani. Na ni ukweli. Kutoka Matiliku mpaka juu hakuna anayepinda kona kama mimi. Hata mbuzi wanajua, wakisikia piki yangu wanasimama kando kwa heshima.

Shida ni gia. Gia iko mguu wa kushoto. Kila nikiibonyeza ni kama mtu ananipigilia msumari.

Jioni Anti Kalekye akanipigia. Piki ni yake, maziwa ni yake, mimi ni dereva tu. Ati ameambiwa siku hizi nabeba maziwa yake kwa gia moja, injini inalia mpaka ng'ombe wanajibu. Nikasema ni baridi. Akasema baridi haijaanza jana, na wateja wake wa hoteli wanataka chai saa kumi na mbili, si hadithi za mguu. Mwisho wa mwezi huu kama asubuhi zinanishinda, piki anampa Mutie.

Mutie! Huyo anayepiga breki akiona kuku!

Ijumaa, 4 Julai

Nimeenda zahanati. Nesi ni msichana mdogo kuliko mimi, lakini aliongea kama nyanya yangu. Nikamweleza: nikiwa darasa la tano, mkokoteni wa punda wa maji ulinipanda hapa. Mifupa ikajiunga vile ilitaka, bila kuuliza mtu. Juu kuna nundu. Kidole cha mwisho kimepanda mgongo wa mwenzake kama abiria wa tatu.

Akabonyeza. Nikaona nyota mchana. Akasema mguu huo hauwezi kunyooka sasa, kitu ni kuutunza. Nivae viatu vipana, vya joto, soli laini, visibane juu.

Nikamuuliza vinauzwa wapi.

Akasema, tafuta.

Tafuta! Huo ni ushauri gani? Ni kama kumwambia mwenye njaa akule. Nimesoma mpaka form two lakini hata mimi ningepata hilo.

Jumamosi, 5 Julai

Siku ya soko. Nimejaribu viatu mpaka nikachoka kuinama.

Gambuti: ndani ni baridi kama kisima. Buti za askari: nundu imekataa kabisa, haikuingia hata kwa maombi. Raba: zimeingia, lakini upepo unapita kama uko kwao. Kila muuzaji ananiambia ati kitapanuka ukivaa. Kwa nini ngozi ndiyo ipanuke na mimi ndio nilie? Watu wa viatu wote ni waongo!

Halafu nikafika kwa Sahara, yule mama Msomali anayeuza blanketi na mitumba pale mwisho. Hapo ndipo nikaona. Buti za kahawia, zipu ya kando, ndani manyoya matupu. Nikaingiza mguu wa kushoto. Jamani! Mguu ulikaa kama mtoto amerudishwa kwa mamake. Nundu ikanyamaza. Kidole kikanyamaza. Nilifunga macho.

Sahara akasema, "Kijana, hizo ni za akina mama."

Nikaangalia vizuri. Kisigino kina ua dogo la dhahabu.

Nikasema, "Najua. Ni za dada yangu."

"Na dada yako ako na mguu kama wako?"

"Tunafanana sana."

Alicheka mpaka akashika blanketi. Ningenunua. Naapa ningenunua, ua ningelipaka matope. Lakini nikasikia sauti ya Mutie nyuma akiuliza bei ya koti. Nilivua hiyo buti haraka kuliko vile polisi huvua mtu kofia. Nikajifanya naangalia mapazia. Mapazia! Nyumba yangu hata haina dirisha la maana.

Niliporudi baada ya nusu saa, zimeenda.

Jumapili, 6 Julai

Nimeziona. Ziko kanisani, mstari wa mbele, kwa miguu ya mama mchungaji. Amekunja mguu mmoja juu ya mwingine, ua linang'aa kila akisema amina.

Mahubiri yalikuwa juu ya kutotamani kitu cha jirani. Sikubaliani na hayo mahubiri. Mimi ndiye niliyezitamani wa kwanza.

Jumanne, 8 Julai

Mbuvi fundi viatu amenipa wazo, na wazo lake limekuja na masharti. Anaweza kunishonea buti: ngozi nje, ngozi ya kondoo na manyoya yake ndani, soli ya tairi na sponji katikati. Lakini yeye hushonea juu ya mguu wa mbao. Ako nayo ya saizi tatu, na yote ni ya watu wazima wa afya. "Huo wako sina. Na siwezi kukuweka hapa siku mbili nikishonea juu yako, utanuka. Niletee mguu wako wa mbao."

"Nitautoa wapi?"

Akaniangalia kama mjinga. "Si wewe ni mjukuu wa Kyule?"

Kweli! Wakamba tunachongea dunia nzima twiga, na mimi nakosa mguu!

Jumatano, 9 Julai

Nimeenda kwa Umau. Umau Kyule ni babu yangu, baba ya baba, na mimi nimepewa jina lake, kwa hivyo sisi ni mtu mmoja mwenye tumbo mbili. Susu, mke wake, huniita mume wangu, na kwa sababu hiyo mimi hupewa nyama kubwa.

Banda lake limejaa ndovu na vifaru, za kupelekwa Mtito Andei, pale watalii hushuka kununua soda. Yeye ndiye mchongaji namba moja huku. Sio mimi nasema, ni mikono. Kila kitu akimaliza, anaandika KYULE chini kwa kisu. Asipoandika, ujue hakijampendeza, na hicho kinaenda jikoni kupika githeri.

Nikamwambia nataka mguu. Akafurahi. Akasema amechonga miguu ya kila mnyama wa Tsavo, wa mjukuu utamshinda? "Toa soksi."

Nikatoa. Huwa sitoi mbele ya watu, lakini huyu ni mimi mwenyewe mzee.

Aliangalia kidogo tu. Kidogo sana, kama mtu anaangalia jua. Akapima urefu na kamba, akasema, "Nimeona. Vaa, kuna baridi."

Jumatatu, 14 Julai

Mguu umetoka! Ngai, mguu! Mti wa jacaranda, amesugua na msasa mpaka unateleza, akapaka polishi ya viatu. Vidole vitano vimekaa kila kimoja kiti chake. Kucha unaweza kukata. Kuna hata mshipa. Chini, KYULE.

Susu aliushika akasema, "Mume wangu, ukiwa kijana ulikuwa na mguu hivi hivi." Sikujua anaongea na nani kati yetu.

Nikaupitisha steji kabla ya kuupeleka kwa Mbuvi. Kwani mali ni ya kuficha? Niliuweka juu ya tangi ya piki. Watu wakakuja, wakagusa. Mwalimu mmoja akauliza kama unauzwa. Mutie akaenda kununua mandazi. Nikawaambia huo ndio mguu wangu, wazoee.

Jumamosi, 19 Julai

NIMEKASIRIKA. Wacha niandike polepole.

Asubuhi Mbuvi akanipa buti. Nzuri, siwezi kusema uongo. Ya kulia niliivaa nikacheka peke yangu kwa raha. Ya kushoto iliingia kwa kusukumwa. Mbuvi akasema—nyinyi mnajua atasema nini—itapanuka.

Nikapanda mlima. Mguu ulikuwa na joto, hilo nakubali. Ulikuwa na joto kama kitu kinachochemka. Nikajaza mitungi ya maziwa, nikaanza kushuka. Kwenye kona ya mkangazi uliokatwa nikataka kupunguza gia. Mguu ukakataa. Haukukataa kidogo, ulikataa kama punda. Tukaingia mtaroni, mimi, piki, na maziwa ya Anti yote.

Maziwa yalishuka barabara mbele yangu, meupe pe, yakienda Matiliku bila dereva.

Aliyenitoa mtaroni ni Mutie. Ndio, huyo huyo. Aliinua piki, akanivuta, akaniuliza kama nimeumia. Ningependa angecheka. Aliponivua ile buti nikavuta mguu haraka, soksi ikabaki mguuni. Hakuona kitu.

Nikaenda kwa Mbuvi na mguu mmoja. Nikapiga kelele mpaka mama wa sukuma wiki wakafunga vikapu. Mbuvi hata hakuinuka. Alichukua mguu wa mbao, akauweka chini, akaniambia niweke wangu kando. Akanivua soksi mwenyewe kabla sijamzuia.

"Kijana," akasema, "mimi nimeshonea mguu ulioniletea. Hii miwili si ndugu. Hata si majirani."

Jumapili, 20 Julai

Sikuenda kanisani. Nilienda bandani.

Nikaweka ule mguu wa mbao mbele ya Umau. Nikamuuliza nundu iko wapi. Abiria wa tatu ako wapi.

Akasema, "Nimechonga mguu."

"Hujachonga wangu!"

"Nimechonga vile unafaa kuwa. Miaka yote hii sijachonga kitu kilichopinda. Ndovu akiwa amevunjika pembe namchongea pembe. Unataka niweke jina langu chini ya kilema, watu waseme Kyule amezeeka, mkono unateleza?"

"Watu gani? Unaingia ndani ya kiatu! Anayeununua ni mimi!"

Susu akasema shh, usiongee na mzee hivyo. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshashuka mlima na hauna gia.

Nikasema, "Umau, jina lako umeshaliweka chini ya kitu kilichopinda. Uliliweka siku nilizaliwa. Kama unaona haya, lirudishe."

Alikuwa ameshika kifuniko cha polishi. Aliendelea kukifunga. Kilikuwa kimeshafungika, lakini aliendelea.

Nikatoka. Hakuna aliyeniita, na nyama sikupewa.

Najua si vizuri. Lakini nani alianza? Miaka tisa huu mguu uko kwa boma, na hata siku moja hajauangalia mpaka mwisho!

Jumanne, 22 Julai

Ukungu. Anti amempa Mutie asubuhi zangu "kwa kujaribu". Mimi nimebakiziwa mchana, jua likiwaka, wakati hata mtoto anaweza kuendesha.

Nimesikia piki yangu ikipita saa kumi na moja na nusu. Gia zote nne. Mjinga huyu anajifunza.

Mguu wa mbao Susu ameuweka kabatini, karibu na vikombe vya wageni. Wageni wanausifu.

Alhamisi, 24 Julai

Naandika hapa hapa nje, daftari juu ya paja la kulia. La kushoto haliko kwangu.

Asubuhi nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Umau. Amepanda mpaka huku na hiyo baridi, tezo begani, gogo la jacaranda kwapani. Hakusalimia. Aliweka kigoda, si nyuma ya nyumba, si bandani. Kando ya barabara! Pale watoto wa shule wanapita, na maziwa yanapita.

"Kaa. Toa soksi."

Nikamwambia tuingie ndani. Akasema ndani hakuna mwanga, na yeye hachongi kwa kukisia. Nikamwambia watu wataona. Akasema, "Yii, ndio. Waone."

Nikaangalia barabarani. Watoto wawili walikuwa wameshasimama. Nikatoa. Upepo ukaramba nundu.

Akauchukua mguu akauweka kwenye mapaja yake. Vidole vyake ni baridi kuliko asubuhi yenyewe, na vigumu kama gome. Hakuangalia kama jua sasa. Alipitisha kidole gumba juu ya nundu, akashuka, akapanda tena. Akamwinua abiria wa tatu, akaangalia chini yake. Akauliza, "Hapa panauma?" Nikasema hapo ndipo kwao. Akauliza, "Tangu mkokoteni?" Nikasema tangu mkokoteni.

Halafu akageuza gogo, ambalo bado ni gogo tu, halina hata kisigino, akatoa kisu akaandika chini yake KYULE. Kwanza! Kabla ya kuchonga! Sijawahi kumwona akifanya hivyo kwa mnyama yeyote.

Sasa anachonga. Anachonga vipande vidogo, anashika mguu, anachonga, anashika. Nundu imeanza kutokea kwenye mti, mbaya kabisa, kama yangu.

Nasikia piki kwenye kona. Ni yangu, naijua sauti. Imepunguza gia vizuri. Watoto wamesogea kando lakini hawajaenda. Nataka kuvuta soksi, iko pale, mkono unafika.

Umau amesema nisitingishike, na soksi nimeiacha.

Mutie amezima injini. Ameshuka. Anauangalia mguu, mitungi ikidondosha maziwa barabarani nyuma yake, na anafungua mdomo—