Kikombe cha Mama

Kaka yangu,

Mtandio uliotuma umemkaa Mama vizuri. Bomba la jikoni bado linavuja.

Asubuhi daktari wake alinipigia simu: mwili umeanza kuikataa ile figo uliyompa, na hajui kwa nini.

Mchana, maabarani kwetu, tulitia maji ya majani machungu tunayoyachunguza kwenye chembechembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Ziliamka zikashambulia kila kitu kigeni. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikakaa.

Ndiyo majani ninayomchemshia Mama tangu mwezi uliopita, apate nguvu.

Daktari nimemwambia. Mama bado. Ameniuliza sasa hivi, "Mwanangu, mbona leo hujaniletea kikombe changu?"

Dada yako