Upande wa Pili wa Karatasi

Jumatatu, 28 Julai
Dirisha limefunguliwa saa mbili. Foleni mpaka barabarani. Fomu, wino, vidole, anayefuata. Kutwa nzima vitambulisho.
Mchana akaja Nasra. Tulisoma pamoja, sasa ni msanii, ana ghala kuukuu kwao Jomvu Kuu. Anatengeneza maonyesho kuhusu kipande, kile cheti ambacho Waingereza waliwalazimisha babu zetu kukivaa shingoni, ndani ya kikopo cha chuma. Aliomba karatasi chakavu za kuchapia. Nikampa boksi la karatasi za kugeuza, nakala za fomu zilizoharibika tunazoandikia upande wa nyuma. Sikuangalia upande wa mbele.

Alhamisi, 7 Agosti
Sasa nimeuona upande wa mbele.
Nilipitia ghalani baada ya kazi. Nasra amechapa picha za kipande, amezitundika kwa uzi, na taa nyuma yake. Mwanga unapenya. Upande wa pili unasomeka wote. Majina ya waombaji. Mwandiko wangu: "Arudi na cheti cha babu." Sahihi yangu.
Nikamsihi azitoe.
"Wallahi sikupanga," akasema. "Nimeona nilipowasha taa. Lakini hii ndiyo kazi yenyewe, Karisa."
"Nitafukuzwa."
"Na hawa walioandikwa hapa je?"
Nikatoka, nikaenda zangu.

Ijumaa, 8 Agosti
Bi Zuhura, mkuu wetu wa ofisi, amealikwa kwenye maonyesho ya Nasra. Ananitaka nimsindikize. Eti mimi ndiye msomi wao. Nikasema naam. Sikula.

Jumamosi, 9 Agosti
Imetokea.
Mzee Bwanali wa Chaani alikuwepo. Babu yake aliletwa na Waingereza kutoka Nyasa kukata mkonge. Yeye amezaliwa hapa, amezeekea hapa, hana kitambulisho. Mtu alimwambia karatasi yake imeonekana Jomvu. Akaja na bahasha na kofia safi, akidhani ameitwa. Alisimama mbele ya karatasi yake kama anayesubiri zamu. Wengine wakapanga foleni nyuma yake.
"Mzee, dirisha limehamia huku?" akatania mmoja.
Mzee Bwanali akaniona. Nikamwamkia shikamoo.
"Marahaba, mwanangu. Huu si mwandiko wako?"
Ningeweza kukana. Nikasema ni wangu.
Akagusa picha ya kile kikopo. "Uliniambia nirudi na cheti cha babu. Babu hakupewa cheti kingine ila hiki."
Bi Zuhura alikuwa nyuma yangu. Alikuwa akiandika jina la mzee. Hilo ndilo lililoniogofya zaidi.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimepewa barua ya kutakiwa kujieleza. Kuhusu boksi, nimekiri. Karatasi za watu hazikuwa zangu kutoa.
Kisha Bi Zuhura akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea. Nani aliniagiza nidai cheti cha babu? Faili la mzee lilikuwa na cheti chake cha kuzaliwa na barua ya mzee wa mtaa. Vilitosha.
Hakuna aliyeniagiza. Nilikuwa mgeni kazini. Jina la mzee niliona ni la kigeni, likanishtua, nikaogopa kuja kuulizwa ni nani aliyempitisha. Kuandika "arudi" hakujawahi kumfukuzisha mtu kazi.
Nimeliandika hilo pia kwenye barua yangu ya majibu. Naona aibu kuliko hofu, na hofu ni kubwa.

Jumanne, 12 Agosti
Barua iko mezani kwa Bi Zuhura. Hajajibu.
Nasra amezishusha karatasi zote. Anamrudishia kila mtu yake, mkononi.
Saa nne Mzee Bwanali alifika dirishani. Alikuwa na karatasi yake, imekunjwa vizuri. Akaifungua, akatazama kipande, akageuza, akatazama mwandiko wangu.
"Nikupe upande gani, mwanangu?"
Nikamwambia akae nayo, ni yake. Nikamwingiza ndani, nikampa kiti. Nikachukua fomu mpya. Nikamshika vidole kimoja kimoja, wino, karatasi. Vidole vyake vilitulia.
Kwenye nafasi ya afisa aliyepokea ombi nikaandika jina langu lote. Nikatia sahihi.
Akauliza arudi lini.
Nikamwambia asirudi. Kitambulisho kikitoka, nitampelekea mwenyewe Chaani.