Kesi ya Hodi Tatu

Mama,

Nimempeleka mdogo wangu kwa fundi cherehani akajaribu sare. Maharage yameiva, bado kuungwa tu. Nguo nimeanua, ila soksi moja ya Baba haionekani.

Sasa, kuhusu kesi ya asubuhi. Mshtakiwa anakiri kosa. Ni mimi niliyegonga mlango mara tatu na kukohoa kama Baba, nikijua fika kwamba bado wiki tano amalize kazi ya daraja. Nilidhani utacheka. Sikujua utakuja mbio, kitana kikining'inia nyweleni na kandambili mguu mmoja, ukisema, "Umerudi leo? Mbona hukusema?"

Hukunigombeza. Ulichomoa kitana, ukaenda kazini bila kunywa chai. Afadhali ungenizaba kibao.

~~Ulikuwa mzaha tu.~~ Haukuwa mzaha mtupu. Bwenini kwetu wanakohoa wavulana sitini, na hakuna hata mmoja anayekohoa kama yeye. Nilitaka kuusikia mlango wetu ukigongwa vile, hata kama mgongaji ni mimi.

Tutarudi saa kumi na moja. Nitagonga mara moja, ujue ni mimi. Usije mbio. Ila ufungue.

Mwanao wa kwanza,
kaimu baba aliyejiuzulu