Mtumbwi wa Evance

Kidete, Kilosa
Mwisho wa Mei

Mdogo wangu Ditram,

Marahaba sana. Shikamoo yako nimeipata kwa mdomo wa binti yako Loveth, na nimefurahi kusikia kwamba umetoka hospitali na kwamba sasa unafika ufukweni bila kushikwa mkono. Mimi na shemeji yako Devota ni wazima wa mwili. Mvua zimekatika, mahindi yaliyosalimika bondeni tumekwisha kuyavuna, na magoti yangu yanalalamika kila asubuhi. Tungependa kujua kama usingizi umekurudia, na kama dawa za presha unazimeza jinsi ulivyoelekezwa au jinsi unavyojisikia, maana nakufahamu.

Barua hii anakuletea jirani yetu Filipo, ambaye atapandia basi la Songea pale Mikumi, kisha aendelee hadi kwenu Mbamba Bay kumtazama dada yake. Nakuomba usiisome peke yako. Mwite Loveth akae karibu nawe, hata kama miwani unayo.

Uliniuliza mambo matatu: mimi na Evance tutakuja lini kuhamia huko nyumbani, ule mtumbwi wako wa mbao uliompa mwanangu uutengeneze vipi, na zana gani zinafaa kwa kurambaza, yaani kukokota mshipi nyuma ya mtumbwi unaotembea, kwa kuwa yeye alisema anataka kuvua samaki wa mbasa kwa ndoano na si kwa nyavu. Niruhusu nianze na mtumbwi.

Umesema mtumbwi umekaa juani tangu ulipougua, na nyufa zimetokea kila mahali. Usiharakishe kuziba. Mbao kavu hudanganya. Uinue juu ya magogo, uuezekee kivuli cha nyasi, uumwagie maji asubuhi na jioni mpaka mbao zivimbe. Nyufa zitakazobaki hapo ndizo za kweli. Zikwangue, uzijaze nyuzi za pamba zilizolowa mafuta, uzisukume taratibu kwa patasi butu, kisha upake lami ya moto. Ukigonga kwa hasira utatenganisha mbao na mbao, na utakuwa umelifungulia ziwa mlango. Kagua pia chini ya mataruma, zile mbavu za ndani, maana maji machafu hulala hapo na mbao huoza kimyakimya huku ubavu wa nje ukimeta. Mafuta yaliyolala ndani ya injini ya mtumbwi yamwage yote kabla hujaivuta kamba.

Kuhusu zana, katika kifurushi alichobeba Filipo mna vijiko vya bati vilivyokatwa mipini na kutobolewa matundu pande mbili. Evance alivikata mwenyewe. Kijiko kizuri hakizunguki kama pangaboi. Huyumba kama usipa, dagaa wa huko kwenu, aliyejeruhiwa, na mbasa hapendi kitu kuliko usipa mgonjwa. Kikizunguka mfululizo, mshipi utajisokota. Kikunje kidogo mkiani, halafu weka kile kiungo kidogo cha shaba kinachojizungusha kati ya mshipi na kijiko. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, usiifunge karibu na ndoano. Iache mbele, mbali kiasi cha urefu wa mtu na nusu, ili samaki asiione. Mishipi miwili isilingane urefu, la sivyo itakumbatiana mtakapogeuka. Na mgeuke mara kwa mara: mtumbwi ukipinda, kijiko cha upande wa ndani huzama kidogo, na mara nyingi samaki hukamata wakati huohuo. Ndoano ijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, inole.

Haya mengine nayakumbuka kutoka ujanani, kabla sijaja huku kukata mkonge, na mengine nimeyasoma vitabuni. Lakini Evance hakuridhika na maneno. Ulipoondoka hapa mwaka juzi baada ya kumpa kwa mdomo ule mtumbwi ulioko kwenu, alichonga wake mdogo wa gogo, akawa anafanya mazoezi katika mto wetu, Mkondoa, mahali maji yalipotulia. Unamkumbuka Saning'o, yule Mmaasai anayenywesha ng'ombe chini ya shamba letu. Siku moja alimkuta akikokota kijiko pasipo na samaki wa maana. Akamwambia kwamba ng'ombe wake wanauliza: kijiko wamekiona, chai iko wapi? Evance akamjibu kwamba chai ilikuwa tayari kitambo, waliochelewa ni wao na maziwa. Tulicheka mpaka Devota akatoka jikoni kuuliza nani amepandwa na wazimu.

Sasa nijibu swali lako la kwanza. Evance hatakuja, Ditram. Evance amefariki. Mkondoa ulimchukua katika mafuriko ya Aprili, wakati wewe umelazwa hospitali. Tumemzika hapa Kidete.

Kumzika mwanangu bila baba yake mdogo kujua ni jambo ambalo sikuwahi kufikiri ningelifanya. Loveth alinililia kwenye simu kwamba daktari amekataza habari yoyote ya kukushtua, nami nikakubali. Usimgombeze. Amekuwa akikuona ukiuliza bei ya lami, na ameyabeba hayo peke yake. Wiki iliyopita alituambia kwamba umeanza kukwangua mbao. Devota akaweka kijiko chini, akasema: “Mwandikie. Mtu anamtengenezea marehemu chombo, na sisi tumekaa tunakula.”

Ilikuwa hivi. Maji yalikata njia ya ng'ambo, na Evance akawa anavusha watu katika kile kimtumbwi chake, mmoja mmoja. Alimvusha Nashipai, mke wa Saning'o, aliyekuwa na homa kali na aliyetakiwa kufika zahanati. Alimfikisha salama. Akirudi peke yake, gogo lililoletwa na mafuriko likampiga ubavuni, mtumbwi ukapinduka. Ukingo haukuwa mbali. Aliweza kuogelea, wewe mwenyewe ulimwona. Saning'o alikimbia kando ya maji akipiga kelele, “Achia, Evance! Achia uje huku!” Hakuachia. Aliukumbatia mtumbwi kwa mikono yote miwili, ukampeleka hadi kwenye nguzo za daraja la reli, ukazilalia, na yeye akiwa katikati.

Baada ya mazishi Saning'o alikuja kunipa pole. Kisha akaniuliza kwa nini kijana mwenye nguvu vile hakukiacha kipande cha mti. Ilinibidi nimweleze. Nilimwambia kwamba sisi watu wa Nyasa tunafundishwa tangu hatujajua kusema vizuri: mtumbwi ukipinduka, usiuache. Mbao haizami, ufuko uko mbali, wenzako watakuona na watakuja. Anayeuacha akaogelea ndiye anayepotea. Saning'o alisikiliza, akasema, “Lakini huu ni mto, mzee.”

Baba alitufundisha hivyo, wewe na mimi tukamfundisha Evance, na huko kwenu ni kweli hata leo. Mimi nisingekuwa hai bila neno hilo. Mwanangu hakuwahi kuliona ziwa, Ditram. Amekufa kwa kushika adabu ya ziwa hilo.

Kwa hiyo wafundishe wote walio huko, na mkweo Beda, mume wa Loveth, awe wa kwanza: ziwani shikilia, mtoni achia. Nimekupa maneno mengi ya lami na vijiko, lakini hilo ndilo nililotaka ulipokee. Mtumbwi umalize kuutengeneza, umpe Beda, avulie. Usiuweke nchi kavu kwa ajili ya huzuni yetu.

Nami pia sitakuja. Nilikuwa nimemwomba Evance anirudishe, nizeeke nikisikia mawimbi, na nilishaanza kugawa vitabu vyangu. Zaidi ya miaka hamsini nimeishi hapa nikijiita mgeni. Sasa Devota hawezi kuliacha kaburi, na mimi siwezi kumwacha Devota wala mtoto. Watu wa hapa wameacha kuniuliza kwetu ni wapi, na nikiulizwa nitasema ni Kidete.

Devota anakusalimu, anasema ulie lakini ule, maana dawa zako hazitaki tumbo tupu. Wasalimu Beda na nyumba yote. Mshukuru Loveth kwa niaba yetu. Ukipata nguvu ya safari, njoo wewe, tutakuonyesha alipolala.

Ndimi kaka yako,
Yeremia