Askari wa Mwili Wamegeuka

Jumapili, hapa mtaa wa Oli, Arua

Na sasa hata kifungo ya shati inanishinda! Mimi, niliyebeba bunduki kubwa toka Koboko mpaka Arua bila kupumzika.

Vidole yote ilipovimba nilisema ni sumu. Nikamtaja Candiru, mjane wa ndugu yangu, sababu nilikunywa kwete, pombe ya mahindi anayopika. Kesho wazee wa ukoo wanakaa. Wakiniamini, atafukuzwa.

Leo binti yangu akanipeleka kwa daktari kwa nguvu. Daktari akasema, "Mzee, hakuna sumu. Askari wa mwili yako wamegeuka, wanapiga viungo yako wenyewe. Dawa utameza miaka mingi."

Maasi mimi najua.

Jioni Candiru akaleta chakula. Vidole ikakataa kukunja, ugali ikaanguka. Akakata tonge, akaonja yeye kwanza, macho kwangu, vile watu wanaonyesha chakula haina sumu. Kumbe amesikia nilivyomtaja.

"Kula, shemeji. Ama mwanajeshi anaogopa mwanamke?"

Nikafungua mdomo. Alinilisha mpaka sahani ikaisha, na hakucheka.

Kesho nitawaambia wazee nilikosea. Hiyo neno sijawahi kumwambia mtu, hata kamanda.